Majina Ambayo Hukuyapigia Chafya

Kimulot, Jumamosi jioni

Chebet,

Watu huanza barua kwa kuulizana hali. Yako naijua. Umetoka hapa sasa hivi na sufuria kubwa ya shangazi yako, Senge Rael, kichwani, umenuna, hata mlango hukuufunga. Ukifika kwake atakukalisha, atakumiminia chai, atakuuliza yale yale aliyokuuliza jana, na mvua hii itakuzuia huko mpaka giza lianze kuingia. Kwa hivyo nimepata nafasi. Nimekaa kwenye meza yako na kalamu yako, na wala sioni haya.

Sitaandika habari za soksi. Soksi unazo. Wavulana utawaona mwenyewe, kanisa utalitafuta ukitaka, na ukiugua utameza dawa hata kama mimi siko hapo kukushika pua. Barua hii nitakupa mkononi kesho asubuhi pale stendi Kericho, na ninakuomba kitu kimoja tu: uisome kabla basi halijafika Nakuru. Ningeweza kukuambia kwa mdomo, lakini unanijua. Mimi nikianza kwa mdomo nafoka, na nikishafoka nasahau nilichotaka kusema.

Ni habari ya jana. Wageni waliokuja kukuaga walikuwa wamekuombea, wamekula, wanaume wamehamia kwenye viti vya nje, na wanawake wako nyuma ya jikoni wakiosha vyombo. Wewe ukaja na ndoo ya maji. Senge Rael hakukuona. Alikuwa akisema, kwa ile sauti yake inayofika mpaka barabarani, "Huyu ndiye alikataa majina yote. Ndugu yangu angekaa aje na mtoto hana mwenyewe? Ndio akaenda." Wengine wakacheka kidogo, kisha wakakuona, kisha wakasugua sufuria kwa bidii ambayo sijawahi kuiona hapa nyumbani.

Jioni, nikikamua, ukaja ukasimama karibu na ng'ombe. "Mama, ni ukweli? Sikupiga chafya?"

Nikakuambia, "Shika ndama."

"Basi nikifika Nakuru nitashuka. Nitamtafuta baba nimuulize kama aliondoka juu yangu."

Nikakuambia tena ushike ndama. Hilo ndilo jibu ulilopata kutoka kwa mama yako mwalimu, siku mbili kabla ya kuondoka nyumbani. Usiku kucha nimekuwa nikijilaumu, basi leo nataka kukujibu.

Unajua kurenet, ile ya kumtafutia mtoto mchanga jina, inavyofanywa, umeshaiona ya watoto wengine. Yako hakuna aliyewahi kukusimulia. Wanawake wazee wa upande wa baba yako waliingia, mlango ukafungwa, na kina baba wakabaki nje. Kogo, yaani nyanya yako, mama yake baba yako, ndiye aliyeongoza. Alianza kuita majina ya marehemu wa ukoo, moja baada ya jingine, polepole, kama mtu anayebisha hodi. Jina ambalo mtoto atalipigia chafya ndilo lake, maana huyo mzee au huyo bibi amerudi nyumbani. Hapo wanawake hucheka kwa sauti kubwa, na wanaume huko nje wakisikia kicheko wanajua mtoto amepata mtu.

Wewe ulikuwa umelala fofofo.

Kogo akaita mama mkwe wake. Akaita shangazi zake. Akaita bibi mmoja ambaye watu walikuwa wamemsahau kabisa, mpaka wakaanza kubishana alizikwa wapi. Kimya. Wakaleta ugoro, wakakuwekea kidogo puani. Ulikunja uso, ukafungua kinywa, sote tukainuka kwenye vigoda, halafu ukapiga miayo. Aliyepiga chafya ni Senge Rael, kwa sababu alikuwa ameinama karibu mno na ule ugoro. Mimi nilicheka. Nilikuwa msichana mdogo aliyetoka Merigi, mgeni katika boma lile, na nilicheka peke yangu.

Mwishowe Rael akasema, "Tuseme tu amepiga kwa jina la marehemu Kogo Tapsabei. Nani atajua?"

Kogo akamwangalia. Alikuwa mama mkali, unamkumbuka, hakuwa mtu wa maneno matamu hata kidogo. Akasema, "Hajapiga. Tutasema hajapiga." Akakurudisha kwangu, akafunga kichupa chake cha ugoro, akatoka nje akapita kati ya wale wanaume bila kueleza kitu. Baba yako alikuwa amesimama hapo akingoja kicheko.

Hukuwa umeota jino alipoondoka. Alikuwa fundi wa mashine kiwandani, na siku ile alisema anaenda Nakuru kutafuta spea. Hakugombana na mtu. Alikunywa chai, akaisifu, akaniuliza kama nataka kitu chochote kutoka mjini, nikamwagiza utambi wa stovu. Hakurudi. Nilimngoja, kisha nikakufunga mgongoni nikaenda Nakuru mwenyewe, nikauliza kwenye maduka ya spea, mtaa mmoja hadi mwingine, mpaka wewe ukaanza kulia na mimi nikajiunga nawe. Baadaye mtu wa hapa alimwona huko, mzima, amenenepa. Hayo ndiyo yote ninayoyajua. Ukiniuliza ni kwa nini alituacha, jibu langu la kweli ni kwamba sijui.

Lakini sikukuambia hivyo, sivyo? Ulipokuwa mdogo nilikuambia amesafiri. Ulipojua kusoma ramani nikakuambia ni kazi. Ulipoanza kunijibu nikakuambia alikuwa mtu mbaya, na siku nyingine, nikiwa nimechoka, nikakuambia muulize Mungu. Kila jibu lilitosha kwa siku yake. Wewe ndiye uliyenicheka ukisema, "Mama, baba ana sababu nyingi kuliko nguo." Nilikucharaza kwa mwiko, lakini ulisema kweli.

Sasa nataka nikurudishe darasa la tano. Najua unaenda chuo kikuu kusoma hesabu, na huko utafundishwa jambo hili na watu wenye miwani kwa maneno marefu. Vumilia. Mimi nalijua kwa maneno ya hapa.

Nilikuwa nawafundisha kugawanya, na wewe ulikuwa umekaa nyuma, kwa sababu sikutaka watu waseme nampendelea mtoto wangu. Ukainua mkono. "Teacher, sita divide by zero ni ngapi?" Saa ya chakula ilikuwa karibu, na mimi nilikuwa na njaa. Nikasema sifuri, kaa chini. Ukakaa. Jioni, tukila, ukaniambia taratibu, huku umeangalia sahani, "Mama, wewe hutuambia jibu la kugawanya tulipime kwa kuzidisha. Sita gawanya kwa mbili ni tatu, kwa sababu tatu mara mbili ni sita. Sasa sifuri mara sifuri ni sita?"

Nikakuambia ule mboga.

Haikuniacha. Nilifundisha, nikachuma majani ya chai, nikabeba kikapu mpaka senta ya kupimia, na lile swali lilikuwa mgongoni pamoja na kikapu. Mwanzoni nilijaribu njia ya gorogoro. Una gunia la mahindi. Ukipima kwa debe, utachota mara chache tu likaisha. Ukipima kwa gorogoro, utachota mara nyingi zaidi. Kwa kikombe, zaidi. Kwa kijiko, utakuwa hapo mpaka Jumapili. Kadiri chombo kinavyokuwa kidogo ndivyo idadi inavyopanda. Sasa chukua chombo kisicho na ndani kabisa, kifuniko bapa ambacho hakishiki hata punje. Utachota maisha yako yote na gunia litabaki pale pale limejaa. Nikasema, aha, basi jibu si sifuri, jibu ni kubwa mno, halina mwisho. Nikafurahi kwa siku nzima.

Halafu nikakumbuka kwamba kuna nambari zilizo chini ya sifuri. Ukiikaribia sifuri kutoka upande huo wa chini, jibu nalo linakua, lakini linakua kuelekea chini, shimo ambalo halina mwisho. Upande mmoja unakupeleka juu ya mlima na upande mwingine unakutupa shimoni, na ni sifuri ile ile moja unayoikaribia. Pande mbili hazikutani popote. Kwa hivyo hata hilo halikuwa jibu. Nilikasirika. Mwalimu Mkuu aliniuliza kama kuna msiba nyumbani.

Kisha jino lako likaoza tukaenda Kaplong. Unakumbuka? Tulipotoka hospitalini tuliingia katika duka la yule mzee Mkisii aliyekuwa na kalkuleta mpya juu ya kaunta, ameifunika kwa karatasi ya nailoni isipate vumbi. Alipogeuka kutafuta chumvi, wewe, na shavu lako limevimba hivyo, ukabonyeza sita, ukabonyeza kugawanya, ukabonyeza sifuri. Ikatokea herufi moja tu, E, na hata ukibonyeza kitu kingine haitoki.

Mzee akapiga kelele. "Mama! Mtoto wako ameua mashine yangu!"

Ukamwambia, na pamba iko mdomoni, "Haijakufa, mzee. Imekataa tu."

Nilibonyeza kitufe cha kufuta, mashine ikapona, tukanunua chumvi tukaondoka kabla hajatufukuza. Lakini neno lako lilinishika njia nzima. Imekataa. Nilikuwa nimelisikia hilo neno mahali, na nilijua ni wapi. Mtoto amekataa majina.

Sikiliza sasa, ndiyo maana nimekukalisha. Kugawanya ni kuita majina. Sita gawanya kwa mbili ni kusema: kuna nambari fulani ambayo ukiizidisha mara mbili unapata sita, haya, ijitokeze. Unaita moja. Kimya. Unaita mbili. Kimya. Unaita tatu, chafya! Wanawake wanacheka, kazi imekwisha. Sasa sita gawanya kwa sifuri. Unatafuta nambari ambayo ukiizidisha mara sifuri itatoa sita. Unaita moja, inatoa sifuri. Unaita mia, sifuri. Unaita nusu, unaita milioni, unaita zile za chini, unaleta ugoro, zote zinatoa sifuri. Hakuna hata moja itakayopiga chafya kwa sita, hata ukiita mpaka uzeeke. Na ukiita sifuri yenyewe, ile niliyokupa mimi kwa sababu ya njaa, nayo iko kimya kama wenzake. Kwa hivyo kusema jibu ni sifuri ni uongo. Sifuri ni jina. Hapa hakuna jina.

Na kuna ile nyingine, sifuri gawanya kwa sifuri. Hiyo ni Kiprono, mtoto wa Rael. Alipofanyiwa kurenet alikuwa na homa, makamasi mpaka kidevuni, na alipiga chafya kwa kila jina lililoitwa. Babu mmoja, chafya. Babu mwingine, chafya. Walipomtaja jirani kwa bahati mbaya, mtu aliye hai, tena akiwa amesimama nje, chafya. Wazee walichanganyikiwa. Mwishowe walimpa babu aliyekuwa na ng'ombe wengi. Ndivyo ilivyo: nambari yoyote mara sifuri ni sifuri, kwa hivyo zote zinafaa, na zikifaa zote huwezi kusema ni ipi. Ni kwa sababu hiyo watu wa hesabu hawaandiki kitu pale. Si uvivu, na si kwamba wameficha. Wamekataa kutoa jina ambalo halikuitikiwa peke yake.

Tena kuna hatari. Ukilazimisha, kila kitu kinaharibika. Tuseme mtu mkaidi anashikilia kwamba sita gawanya kwa sifuri ina jibu, achague lolote analotaka. Basi jibu lake mara sifuri lazima liwe sita. Lakini kitu chochote mara sifuri ni sifuri. Kwa hivyo sita ni sifuri. Na kwa njia hiyo hiyo saba ni sifuri, na mia ni sifuri, na mimi, na wewe, na Senge Rael na sufuria yake. Mtu mmoja amelazimisha jibu mahali pamoja na sote tumefutika.

Hivyo ndivyo Rael alivyofanya jana nyuma ya jikoni. Alichukua kimya cha mtoto mchanga aliyeshiba maziwa akakiandika sifuri. Hana mwenyewe. Kisha akachukua kuondoka kwa ndugu yake, ambako hata yeye haelewi, akaweka kimoja juu ya kingine akapata jibu. Usimchukie. Naye anamngoja ndugu yake, na kungoja bila sababu kunachosha kuliko kungoja na sababu mbaya. Lakini jibu lake si kweli. Kama Kiprono aliyepiga chafya kwa watu wote hakuwa watu wote, wewe ambaye hukupiga kwa yeyote si mtoto asiye na mwenyewe. Kogo aliliona hilo papo hapo, na hakuwahi kushika chaki.

Nami sikuwa bora kuliko Rael. Niliita sababu, Chebet. Miaka mingi nimekaa jikoni nikiita. Ni kwa sababu nilicheka siku ile? Ni mwanamke mwingine? Ni ule utambi, nilimsumbua na utambi? Ni mama yangu alimjibu vibaya? Siku nyingine hakuna hata moja iliyoitikia. Siku nyingine zote zilipiga chafya kwa pamoja, na hizo ndizo siku ulizokuwa ukinikuta nimelala mchana ukaniambia chai imemwagika. Nikiikaribia asubuhi ile aliyoondoka kutoka upande wa hasira, makosa yake yalikuwa mlima. Nikiikaribia kutoka upande wa huzuni, makosa yalikuwa yangu, na hayakuwa na chini. Kadiri nilivyokaribia ndivyo yalivyokua, na asubuhi yenyewe haikusema kitu: mtu amekunywa chai, ameisifu, ameondoka. Nimepoteza ujana wangu hapo. Sikuambii hivi unihurumie, nakuambia kwa sababu jana, ukiwa umesimama karibu na ng'ombe, niliiona sura yangu usoni mwako, nikaogopa.

Tangu nilipoelewa lile jambo la sita na sifuri, nilianza kulala vizuri. Si kwamba nilipata sababu. Niliacha kuandika kitu mahali pale. Watu wakiniuliza nasema sijui, na ninalisema nikiwa nimesimama wima. Mwanzoni inauma, maana watu wanataka uwape kitu cha kushika. Baadaye unazoea.

Shuka Nakuru ukitaka. Sikukatazi, wewe ni mtu mzima, na huyo ni baba yako. Huenda utampata. Huenda atakupa sababu, na huenda itakuwa ya kweli, maana yeye anaweza kujua asichokijua mwingine. Isikilize. Lakini usishuke ukiwa umebeba sifuri ya Rael mkononi ili umwonyeshe baba yako aitie sahihi. Usimuulize, ni mimi? Muulize, habari yako, baba. Kama ataanza kusema ni wewe, mtoto ambaye hakuwa na jino, panda basi linalofuata uende zako shule.

Nikuambie ninachoogopa kabisa, kwa kuwa mvua bado inanyesha na hujarudi. Naogopa utampata na atakuwa mtu mzuri. Atakununulia soda, atakuchekesha, utaona umerithi kicheko chake, kwa sababu umekirithi. Halafu utarudi hapa Krismasi ukiniangalia kwa jicho jingine. Hilo sina hesabu yake. Nimelisema tu.

Na kwa kuwa nimeanza kusema: nina upweke tayari, na bado sanduku lako liko hapa karibu na mguu wangu. Leo mchana, ukiwa kwa majirani unaaga, nilienda kuchuma ile mistari ya juu. Nilipofika katikati niligeuka nikuambie kitu kuhusu ukungu, nikakuta nimegeukia chai. Kesho jioni sijui nitapika ugali wa namna gani. Wa watu wawili naujua kwa mkono bila kupima. Wa mtu mmoja sijawahi kuupika maishani mwangu. Kwetu tulikuwa wengi, hapa nilimkuta Kogo, kisha tulikuwa watatu, kisha wewe na mimi. Watu waliniambia jana, kwa nia njema, "Mwalimu, sasa utapumzika, maziwa yote yako, nyumba yote yako." Ni kweli. Kadiri wagawiwa wanavyopungua ndivyo fungu linavyokua. Nitakuwa na maziwa mengi sana.

Hata hivyo nenda. Usithubutu kubaki kwa ajili ya maziwa.

Kuna jambo moja limebaki, na hili hata Kogo alikufa bila kulijua. Tangu siku ile ya kurenet nimekuwa na tabia ya kipumbavu. Kila ukipiga chafya natega sikio kujua ni nani alikuwa ametajwa. Nimefanya hivyo utoto wako wote. Uliwahi kupiga chafya nikitaja kabichi. Uliwahi kupiga katikati ya maombi ya pasta, nikahesabu majina aliyokuwa ametaja, yote yakawa ya manabii. Mimi ni mwalimu wa hesabu na mkristo, na bado natega sikio. Lakini chafya yako ya kwanza kabisa naijua, na sikumwambia mtu.

Ilikuwa asubuhi baada ya wale wanawake kuondoka. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda karibu na moto, nakunyonyesha. Baba yako alikuwa ameenda kiwandani. Sikuwa naimba, sikuwa nasema kitu, sikuwa nawaza mtu yeyote aliye hai au aliyekufa, nilikuwa nakutazama tu jinsi ulivyokuwa ukivuta maziwa kwa uchoyo. Ukaacha ziwa, ukakunja uso, ukapiga chafya moja kubwa, ya mtu mzima. Niligeuka nikaangalia mlangoni, nikidhani kuna mtu ameingia nyuma yangu na jina lake. Hakukuwa na mtu. Mlango ulikuwa wazi, ukungu umejaa uani, na nyumbani tulikuwa mimi na wewe.

Sikuwaambia kwa sababu wangeniuliza nilikuwa nimetaja nani, kisha wangeniletea jina. Sikutaka. Nilicheka mwenyewe, kwa sauti, kama wanavyocheka wao, lakini nje hakukuwa na mwanamume wa kusikia. Kwa hivyo ukiulizwa popote ulipo kama ulipata mtu siku ile, waambie hujui, na hutasema uongo. Ila wewe na mimi tunajua kwamba mtu alikuwepo.

Nakusikia. Umefika kwa lango, unasukuma ile mbao inayokwama. Umepiga chafya, nilikuambia ubebe sweta. Sijataja mtu, na mara hii sikutega sikio. Mlango niliufunga kwa sababu ya mvua, ngoja nije nikufungulie.

Mama yako